Taya la Nana Pokuaa

Mzee Kofi Dwomo alipoingia uani kwa Yaa Dufie, Yaa alijua hajaja kwa heri. Mkuu wa ukoo haendi kwa mtu, huita watu. Huyu ndiye ambaye hata kinyozi humfuata kwake na mkoba wa mikasi. Leo kajileta mwenyewe, kashika pindo la shuka lake lisiguse matope, na anatabasamu. Tabasamu la Kofi Dwomo ni la kuogopwa kuliko kelele zake.

Yaa alikuwa akikaanga ndizi. Alimpa kiti, akampa maji ya kunywa, akamuuliza habari za safari kama desturi inavyotaka, ingawa safari yenyewe ilikuwa ya kuvuka barabara. Mzee akazungumzia mvua. Akazungumzia ugonjwa wa kakao na vijana wa siku hizi wasiotaka kupalilia. Ndipo akatua mzigo.

Kesho wazee wangekaa katika kasri na Nana Pokuaa, mama wa kigoda cha Asubriwa, kile kiti cha enzi cha mji wao. Mji mzima ulijua kwamba Nana amerudi kutoka Kumasi na uso mwingine, na kwamba maneno yake hayashikiki. Anayemwelewa ni mmoja tu, Yaa, msemaji wake. Basi kesho Nana atakaponung'unika lolote lile, Yaa awaambie wazee kwamba Nana anaaga, anakiacha kigoda kwa hiari yake, na anaushukuru ukoo kwa wema wote.

"Na akisema kingine?" Yaa aliuliza.

"Nani atajua?" Mzee alicheka kidogo, kicheko cha puani, akamwita kwa cheo chake cha usemaji. "Okyeame, kazi yako miaka yote ni kuyatengeneza maneno. Yatengeneze na haya."

Alikunywa maji yake yote, akashukuru, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyemaliza kazi. Ndizi zilikuwa zimeungua. Yaa alizimwaga kwa kuku, mafuta na yote, akasimama pale uani huku damu ikimchemka.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba mzee hakukosea kuhusu kazi yake. Kwao mama wa kigoda hasemi na watu kwa kinywa chake. Hunong'ona, na msemaji aliyeshika fimbo husimama kando yake na kuyageuza yale manong'ono kuwa maneno yanayofaa kusikika mbele za watu. Nana akisema, "Mzee huyu ni mwongo," msemaji husema, "Nana anamwomba mzee wetu aitazame tena kumbukumbu yake." Nana akisema, "Nimechoka na nyie," msemaji husema, "Nana anawatakia mapumziko mema." Yaa alikuwa hodari. Tangu Nana Pokuaa alipokalishwa kwenye kigoda, Yaa alikuwa ametia asali kwenye shubiri nyingi, mpaka watu wakasema Asubriwa ina mama mpole kuliko wote. Nana hakuwa mpole hata siku moja. Msemaji wake ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kwenye chupa ya asali.

Na ugonjwa huu nao aliutia asali, na hilo Yaa hakulisahau.

Ulianza kwa jino. Nana alikuwa akitafuna mahindi ya kuchoma, gego la chini upande wa kushoto likacheza kama jino la mtoto. Halikuuma. Walipokwenda kwa daktari wa meno wa wilaya, yeye hakulitazama jino sana. Alilitazama taya, akalibonyeza kwa kidole gumba, akapiga picha. Akawaambia kuna uvimbe umeota ndani ya mfupa wa taya. Si ule unaotembea mwilini na kwenda kwenye ini au mapafu, lakini unakula mfupa na hausimami wenyewe. Alitaka kukata kipande kidogo kikapimwe. Baada ya hapo, alisema, bado ni mdogo, wataupitia ndani ya mdomo, na shavuni hakutabaki alama yoyote.

Nana alirudi kuwaambia wazee, maana mwili uliokalia kigoda si wa mwenyewe peke yake. Kofi Dwomo alikataa kabla hajamaliza kusikia. Sheria ya kigoda anaijua kila mtu: anayekikalia awe mzima. Asikose kidole, asiwe na jicho bovu, wala kisu kisipite kwenye mwili wake. Kipande kidogo? Hata kidogo ni kukatwa. Halafu akasema kitu cha ajabu zaidi. Akasema lile ni jipu tu, na jipu halikatwi, linasubiriwa liive.

Wakalisubiri liive. Watu wazima, wenye akili zao, waliosomesha watoto mpaka vyuo vikuu, walikaa miaka sita wakisubiri mfupa uive. Waliletwa waganga wa kubandika majani yaliyopondwa. Waliletwa wa kufukiza. Taya likawa limao, likawa chungwa, meno yakaachana kila moja likatazama upande wake. Nana akajifunza kukaa ubavu ili watu wauone upande wa kulia. Akajifunza kufunga kitambaa mpaka kidevuni hata jua la mchana likiwaka. Na kila alipokosekana kwenye shughuli, Yaa alisimama na fimbo yake akasema, "Nana anawasalimu, meno yanamsumbua kidogo." Sokoni watu walikuwa na tafsiri zao. Wengine walisema alikula kiapo cha uongo kwenye kesi ya shamba, na kiapo kimemrudi mdomoni. Yaa alimwagia mtu ndoo ya maji machafu kwa neno hilo na hakuomba radhi.

Mwisho hata kulala kukawa kazi, kwa kuwa akilala chali uvimbe ulimkaba. Asubuhi moja Yaa alimkuta ameketi kitandani, mito imepangwa mgongoni, mate yanamtiririka kwenye kitambaa, amedhoofu. Nana alinong'ona, "Yaa, nataka kuishi."

Yaa aliligeuza neno lile kichwani, kama alivyozoea, akitafuta namna ya kulipeleka kwa wazee likapokeleka. Hakuona. Akaiegemeza fimbo ukutani, akampigia simu mwenye teksi, na kabla jua halijapanda walikuwa njiani kuelekea Kumasi bila kumuaga mtu.

Daktari waliyempata pale alikuwa Aba Forson, mwanamke mfupi wa Pwani, Mfante, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliinua picha ya taya kwenye mwanga. Pale palipopaswa kuwa mfupa palikuwa na vitundu vitundu, kama povu la sabuni kwenye karai. Aliitazama sana. Halafu akawageukia, na hakuficha hasira yake.

"Mlikuwa wapi?"

"Daktari," Yaa alianza, kwa sauti yake ya kasri, "shughuli za kigoda ni nyingi, na Nana wetu, kwa huruma yake kwa watu..."

Nana alimfinya paja. Alimfinya kwa kucha, akapindisha, mpaka machozi yakamlenga Yaa.

"Walitukataza," Yaa alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kusema jambo kama lilivyo, na lilimtoka kavu, likamkwaruza koo.

Upasuaji ulichukua siku nzima. Walimkata taya la chini kutoka kidevuni mpaka karibu na sikio, na kipande kidogo cha mfupa usio na ugonjwa pembeni, kwa sababu uvimbe wa aina ile ukiachwa hata chembe hurudi. Kisha wakachukua mfupa mwembamba wa mguu wake, ule ulio kando ya muundi, pamoja na mishipa yake ya damu. Wakaukata na kuukunja ufuate umbo la taya, wakaushika kwa bamba la chuma, wakaiunga mishipa shingoni ili mfupa uishi. Daktari Forson aliyaeleza hayo akiwa ameketi sakafuni kwenye korido, viatu kavua, anakunywa uji wa chumvi kwenye mfuko wa nailoni. Nana atatafuna tena, alisema, meno yatawekwa baadaye. Mdomo wa chini utabaki na ganzi na utainama upande mmoja. Kila mwaka aje kupimwa, maisha yake yote.

"Na kovu?" Yaa aliuliza.

"Kutoka mdomoni mpaka shingoni. Nitafanyaje, mama? Mwaka ule wa kwanza tungepitia ndani. Asingejua mtu."

Yaa alitoka nje akaupiga teke ukuta, akaumia kidole. Waliogopa alama ndogo isiyoonekana, wakampa mwenzao alama ya kuonwa na mji mzima. Na sasa ndio hao hao watakaomwambia, umekatwa, ondoka. Akiondolewa atahama nyumba ya kasri. Hataitwa Nana tena. Akifa hatalala na mama waliomtangulia. Atakuwa bibi kizee fulani mwenye mdomo uliopinda, anayeishi chumba cha uani kwa jamaa.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomfanya Yaa asile vizuri siku zile za hospitali. Chifu mwenyewe, Kwaakye Ampong, alikuwa amekatwa. Ni mtoto wa marehemu dada yake Nana, na Nana ndiye aliyemteua, kama ilivyo kazi ya mama wa kigoda. Ana kisukari. Miaka miwili nyuma alikwenda ng'ambo, safari ya biashara walivyosema, akarudi bila kidole kimoja cha mguu. Kofi Dwomo aliipanga safari ile kwa mikono yake. Chifu akashonewa viatu vya wazi vipana, vyenye mapambo ya dhahabu yaliyojaa mpaka mbele, na mashuka marefu ya kufagia sakafu, na hadithi ikaishia hapo. Waliojua walihesabika, na Nana na Yaa walikuwamo, na walinyamaza kwa sababu walimpenda. Kumbe kisu kina macho. Kinajua huu ni mguu wa mwanamume kinapita kimyakimya, na hili ni taya la mwanamke, kinapiga kelele.

Siku ya kikao ukumbi wa kasri ulijaa wazee. Chifu Kwaakye alikaa kwenye kiti chake, miguu imefunikwa na shuka, kijana wa kumpepea nyuma yake. Hakuonekana vizuri. Uso ulikuwa na jasho ingawa kulikuwa na upepo. Nana Pokuaa aliingia akichechemea kwa sababu ya mguu uliotolewa mfupa, kitambaa cheusi kimezunguka kichwa na kidevu, akaketi kwenye nafasi yake. Yaa akasimama kando yake na fimbo.

Kofi Dwomo alifungua kwa maneno matamu. Ukoo unampenda Nana. Ukoo unamshukuru Mungu kwa uhai wake. Lakini sheria ya kigoda haikutungwa na Kofi Dwomo, ilikutwa, na yeye ni mtumishi tu. Mwenye kigoda awe mzima. Nana, bila shaka, analijua hilo kuliko wote, na wazee wamekuja kumsikia akilisema kwa hekima yake. Akamtazama Yaa kama mtu anavyomtazama dereva wake.

Yaa aliinama, na Nana akamnong'oneza sikioni. Kwa waliokaa karibu ilisikika kama maji yanavyogugumia kwenye kibuyu. Yaa alisikia kila neno.

"Waambie nimekatwa hivi kwa sababu walinisubirisha. Kama ni kukaguliwa, tukaguliwe wote. Tuanze na miguu."

Yaa alinyooka. Zile asali zote za miaka zilimjia ulimini zenyewe, kwa mazoea. Nana anawaomba wazee wautazame mwili wa binadamu kwa huruma. Nana anakumbusha kwamba kila mmoja wetu ana udhaifu wake. Aliziona zimejipanga, tamu, salama, na akaona pia pale zingemfikisha Nana. Kwenye chumba cha uani.

"Nana anasema," Yaa alisema, "amekatwa hivi kwa sababu mlimsubirisha. Anasema kama ni kukaguliwa, tukaguliwe wote. Tuanze na miguu."

Kipepeo cha yule kijana kilisimama. Hakuna mzee aliyemtazama mwenzake. Kwao chifu akivuliwa viatu, mguu wake mtupu ukagusa ardhi, si chifu tena. Neno lile halitajwi ukumbini hata kwa mzaha, na Yaa alikuwa amelitamka kama anayeagiza chumvi.

Kofi Dwomo alipata sauti yake. Alisema, polepole, kwamba wamemsikia Yaa Dufie, lakini Nana hawajamsikia. Nani mwingine hapa ameelewa yale manung'uniko? Mgonjwa amegugumia, na mwanamke huyu kamtilia maneno mdomoni.

"Okyeame, una tamaa mbaya," alisema. "Unajificha nyuma ya ugonjwa wa mtu ili utawale wewe. Hayo ni ya Nana, au ni yako?"

Vichwa vilianza kutikisika kukubaliana naye. Yaa aliikaza fimbo mkononi. Alitaka kusema, jana ulikuwa uani kwangu unaniomba nimtilie maneno mdomoni. Hakupata nafasi.

Nana Pokuaa alisimama. Alipeleka mikono kisogoni, akalegeza fundo, akakivuta kitambaa kikaanguka. Kovu lilishuka kutoka kona ya mdomo, likafuata taya jipya, likaingia shingoni, bado jekundu. Mdomo wa chini umelala upande mmoja. Wazee kadhaa waliinamisha macho, na yeye akawangoja mpaka wakayainua. Kisha akafanya ambalo hakuna mama wa kigoda aliyelifanya ukumbini mle. Alisema kwa kinywa chake.

"Viatu."

Lilitoka limepinda, likiwa na mate. Lakini hata mzee Asiamah, aliyekaa mlangoni na ambaye masikio yake yalikufa zamani, aliligeukia shuka la chifu.

Chifu Kwaakye alimtazama mama yake mdogo. Katika yote yaliyosemwa hakuwa amefungua mdomo. Alikaa akaacha mzee aongee kwa ajili yake, kama alivyokaa miaka yote, na hilo ndilo Nana hakuweza kumsamehe. Sasa aliinama. Chifu hainami, ana watu wa kumwinamia. Alinyanyua shuka, akafungua kiatu cha kushoto kwa vidole vinavyoteleza kwa jasho, akakivua, akaweka mguu kwenye sakafu ya saruji.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kisha wakaona. Kidole kimoja hakikuwapo, na hilo halikuwa kitu. Viwili vilivyofuata vilikuwa vimekuwa vyeusi, na kidonda kimeingia mpaka kwenye unyayo.

Mzee mmoja alianza kuomba kwa mababu. Mwingine alifunika macho kwa pindo la shuka. Kofi Dwomo alikuwa akimrudiarudia chifu, ambaye naye kwa heshima huitwa Nana, kwa sauti ndogo, "Nana, nyanyua mguu. Nyanyua mguu, Nana, tafadhali," kama mtu anayembembeleza mtoto atoke kisimani.

"Mama," chifu alimwambia Nana Pokuaa, "tangu mvua zianze kidonda kinatoa maji. Nilitaka kwenda. Nikaambiwa nisubiri kikao hiki kipite kwanza."

"Nani aliyekwambia?" Yaa aliuliza. Alisahau cheo chake, na hakuna aliyemkumbusha.

Ukumbi mzima ulimtazama Kofi Dwomo. Yaa alihisi hasira imempanda mpaka masikio yanavuma. Kumbe haikuwa hata upendeleo. Yule mzee angemwacha na huyu aoze, mradi aoze ndani ya viatu vya dhahabu. Kigoda alikipenda. Waliokikalia kwake walikuwa mito ya kukalia tu.

Nana alinong'ona tena. Safari hii kila mtu alimngoja Yaa, na hakuna aliyeuliza maneno ni ya nani.

"Kofi Dwomo," Yaa alisema, "Nana anasema mvishe viatu vyake. Wewe, kwa mikono yako. Ukishamvisha, yeye ni chifu kama alivyokuwa, na Nana ni mama wa kigoda kama alivyokuwa, na mwenye la kusema aanze na mguu huu. Halafu mtie garini, aende Kumasi sasa hivi. Nana anasema usipofanya, atatoka uani aufunulie mji uso huu, na atawaambia ni nani aliyeupika."

Mzee aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Waliokuwa wakimtikisia vichwa walikuwa sasa wanachunguza kucha zao. Akashuka magotini, akisaidiwa na ukuta, na pindo la shuka lake, lile asilotaka liguse matope, likaburuzika kwenye maji yaliyotoka kidondani. Aliibana pumzi. Alipoushika mguu, chifu aliguna kwa maumivu, na mzee akasema samahani. Yaa hakukumbuka kumsikia akilisema neno hilo kabla ya siku ile.

Alidhani angefurahi. Hakufurahi. Alimtazama mzee akihangaika na gidamu ya kiatu na alichokiona ni ile miaka sita, kila siku yake, limao na chungwa na mito ya kitandani. Nana alikuwa amebakiwa na kigoda chake, na uso wake haungerudi. Yaa angeweza kuipiga ile fimbo chini mpaka ivunjike.

Gari la kasri lilisogezwa mpaka mlangoni. Chifu aliwekwa kiti cha nyuma, mguu juu ya mapaja ya Nana Pokuaa, ambaye alikataa katakata kubaki, na hakufunga kitambaa tena. Yaa alikaa mbele na dereva. Walipoupita mji, watu wa sokoni walisimama na mabeseni yao wakautazama ule uso dirishani, na Nana naye akawatazama.

Njia nzima Yaa alikuwa akimwona Daktari Forson na miwani yake ya uzi. Angeinua shuka, angeuona mguu, angewageukia na kuuliza vilevile, mlikuwa wapi. Safari hii Yaa asingengoja kufinywa.